Mahali Pasipo Damu

Nzi walijaa sakafuni, wakajaa juu ya magunia, lakini ukutani hakutua hata mmoja. Koplo Consolatha aliliona hilo kabla hajaona kingine.

Marehemu alikuwa Shaban, mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Mtunda. Biashara zilipofunguliwa na watu binafsi wakaruhusiwa kumiliki mashine, yeye ndiye aliyetangulia kuleta injini ya dizeli kijijini. Sasa alikuwa amelala stoo, kichwa kimepasuka, na kando yake hendeli, kile chuma kizito cha kuwashia injini, imelowa damu.

"Jini huyo," watu walinong'ona nje. "Alijenga penye wenyewe."

Consolatha, binti wa Bukoba, mtu wa misa kila Jumapili, hakufundishwa majini. Alifundishwa damu. Alijua kwamba pigo la kwanza la chuma butu hupasua tu. Yanayofuata ndiyo hutapanya, kwa kuwa chuma huangukia palipokwisha kulowa. Matone ukutani yalikuwa na mikia iliyoelekea juu, basi kichwa kilikuwa chini: Shaban alipigwa akiwa amepiga magoti. Kwenye bati kulikuwa na mistari ya damu iliyorushwa na chuma kila kiliponyanyuliwa. Na katikati ya ukuta palikuwa na mahali pasipo hata tone, pembamba, pamepanda wima. Hapo alisimama mpigaji. Damu iliyokuwa iupate ukuta ilimpata yeye.

Alimwita Miraji, mdogo wa marehemu, mwendesha injini. Shati lake lilijaa vumbi la pumba, lakini halikuwa na doa.

"Umebadilisha shati?"

"Hapana, afande. Nilikuwa nyuma, namimina dizeli. Nikamsikia kaka ndani anaamkia mtu. Anasema 'Shikamoo.' Anarudia, 'Shikamoo,' sauti inamtetemeka. Nikashangaa, maana humu mlango ni mmoja na sijaona mzee kupita."

"Mligombana?"

Miraji akatazama chini. "Alitaka kuniondoa kazini."

Consolatha akamsimamisha pale palipokuwa patupu. Kichwa cha Miraji hakikufika hata karibu na mwisho wake. Mahali pale palipanda mpaka chini ya bati, na mabega ya umbo lile yalikuwa membamba kuliko ya mtu. Hata hivyo alimtia pingu. Mtu anaweza kusimama juu ya gunia, alijiambia. Akaifunga stoo kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo akautia mfukoni.

Aliporudi kesho yake kuupima ukuta, harufu ilimpokea mlangoni, harufu ya tope la mikoko maji yakishakupwa, ilhali mikoko yenyewe iko mbali, kule delta. Kufuli halikuguswa. Lakini pale palipokuwa patupu jana palijaa matone, makavu kama yale mengine, na utupu wenyewe ulikuwa umesogea kuelekea mlangoni.

"Nani kaingia humu?" alimfokea Mwamini, mjane wa Shaban.

"Nani aingie, afande?" Mwamini alijibu kwa sauti ya chini. "Ufunguo unao wewe."

Alimshuku mjane, akamshuku Miraji aliyekuwa mahabusu, akalishuku bati na kulikagua msumari kwa msumari, na kila alipougeuzia ukuta mgongo alihisi kuna anayemtazama kutoka juu, kwa utulivu, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto anayechezea kitu kisicho chake.

Kwa hiyo Mwamini alipoomba kumleta Bi Sijaona, mganga, Consolatha alikubali. Aliagiza Miraji naye aletwe. Mwenye hatia ataogopa, aliwaza, nami nitamwona.

Bi Sijaona alifukiza ubani, akasema taratibu, "Mkubwa, tumekusikia. Mahali ni pako, sisi tunahama. Toka, usimguse mtu." Injini iliyokuwa imezimwa ikakohoa mara moja, Mwamini akashika kinywa, na mbele ya macho yao wote, katikati ya moshi, matone yakaanza kujitokeza kwenye ule utupu, moja hapa, jingine pale, yakipanda kutoka chini kama yanayorushwa upya na mkono usioonekana, mpaka ukuta mzima ukawa damu tupu.

"Ametoka?" Consolatha alinong'ona.

"Humu ametoka," alisema Bi Sijaona bila kumtazama. "Humu."

Miraji aliachiwa kwa kukosa ushahidi. Consolatha alimsindikiza hadi barazani pa kituo, Kibiti, mvua ikawakuta pale. Upepo ulikuwa unairusha, matone yakipiga ardhi nyekundu na kutapanya tope kwenye ukuta mweupe nyuma yao. Miraji aligeuka kusema kwaheri. Alitazama nyuma ya Consolatha, akarudi kinyumenyume, akakimbilia mvuani.

Consolatha akageuka. Ukuta ulikuwa umejaa tope, isipokuwa mahali pake yeye, pafupi, pa mabega mapana. Na ubavuni kabisa mwa pale, mahali pengine pakavu, pembamba, pamepanda mpaka kwenye bati.

Akasogea pembeni. Tope likapaka pale alipokuwa amesimama. Pale pengine pakabaki peupe, kisha, polepole, pakaanza kumfuata.