Sauti Iliyobaki Jikoni

Filomena Scognamiglio alikuwa na kipande cha mkate mdomoni aliposikia sauti yake mwenyewe ikiimba nyuma ya jiko. Akaacha kutafuna. Kwanza alidhani ni redio ya jirani, lakini ulikuwa ule wakati wa mchana ambao watu wa Napoli hufunga madirisha na kulala, na mtaa mzima wa Sanità ulikuwa kimya. Sauti ilikuwa palepale karibu na sufuria, na pamoja nayo ikaja harufu ya nguo zilizotoka kupigwa pasi, ingawa pasi ilikuwa baridi kabatini.

Mezani mama yake, Donna Carmela kama mtaa ulivyomwita kwa heshima, mzee aliyekwisha kupofuka, alikuwa akitabasamu.

"Leo umepanda juu vizuri," alisema wimbo ulipokwisha. "Sasa kula, mwanangu. Supu inapoa."

Filomena akachukua kijiko. Hata angejibu, jibu lingetoka kwa mnong'ono tu, maana sauti yake ya kweli ilikuwa imemtoka tangu majira ya baridi. Mama yake hakujua hilo. Waimbaji hupumzisha koo, na mzee alidhani binti yake ananong'ona ili aitunze sauti.

Na ilikuwa sauti ya kutunzwa kweli. Filomena alizaliwa katika nyumba hiyohiyo, mama yake akishona glavu za ngozi kwa ajili ya watu wenye mikono laini. Kutoka kwaya ya kanisa aliingia chuo cha muziki, kutoka chuo akapanda jukwaani kuigiza vijakazi wanaoingia na taa na kutoka, kisha mlango ukafunguka. Milano wakampenda. Vienna wakamtupia maua. Buenos Aires ukumbi mzima ulisimama. Kila msimu wa opera alikufa kwa kifua kikuu, kwa sumu, kwa kisu, kisha akainuka kuwashukuru watu. Na kila alipoimba Napoli, Donna Carmela alikuwa kule juu kabisa, kwenye viti vya makabwela, akilia kabla hata kifo chenyewe hakijafika.

Kilichomponza ni wema. Alipoona macho ya mama yamekwisha, alisema pale mezani, tena kwa sauti iliyozoea kujaza ukumbi, "Mama, nyumba hii tunaiuza. Unahamia kwangu Milano."

Mtu wa Napoli hasemi hivyo ndani ya nyumba. Kila nyumba ina jini wake wa kike, wanamwita Bella 'Mbriana, naye husikia kila neno. Ukiingia unamsalimu, ukila unamwachia kiti, na habari za kuhama unakwenda kuzisema huko nje, mbali na kuta zake. Ukimwambia usoni kwamba unamwacha, anachukua mtu. Filomena aliyajua hayo tangu utotoni, ila miaka ya kulala hotelini ilikuwa imemsahaulisha. Mama alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Siku chache baadaye, katikati ya onyesho, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Ala zikaendelea bila yeye. Madaktari walichungulia koo wakasema ni zima kabisa. Akarudi Sanità kupika na kunong'ona, na sasa sauti yenyewe ilikuwa imejitokeza jikoni.

Ikawa inakuja kila mchana. Mama aliketi mbele ya jiko amekunja mikono, amevaa hereni zake za kwendea opera, na Filomena hakuwa na moyo wa kumwambia. Ila yeye alizidi kuogopa, maana sauti ile ilianza kuvuta pumzi kati ya mistari, na kila ilipovuta, mbavu zake mwenyewe zilitanuka bila yeye kutaka, hewa ikamtoka kifuani kuelekea kule kulikokuwa na harufu ya pasi, hata akawa anashikilia ukingo wa meza asianguke, huku mama yake, masikini, akitikisa kichwa kwa raha na kusema polepole kwamba hajapata kumsikia akiimba vizuri namna hii.

Akamwita Donna Rituccia, mwanamke wa mtaani anayeondoa husuda. Mama alikuwa amelala chumba cha pili. Donna Rituccia alidondosha mafuta kwenye sahani ya maji, na mafuta yakakimbilia pembeni yote.

"Jini wenu hakuiba sauti," alinong'ona. "Alipewa."

"Na nani?"

Donna Rituccia alinyoosha kidevu kuelekea chumba cha pili. "Ulipotamka kuhama, jini alitaka kukuchukua wewe. Mama yako akamsihi akuache hai, sauti yako tu ndiyo ibaki humu nyumbani."

"Inaweza kurudi?"

"Aliyeitoa akiidai, itarudi. Lakini yeye ndiye atakayekwenda."

Filomena akaimwaga sahani. "Basi ibaki. Na Mama asijue kamwe kwamba si mimi ninayeimba."

Lakini asiyeona husikia, na Donna Carmela hakuwa amelala. Kesho yake, sauti ilipoanza, alimwita Filomena karibu. Akapapasa uso wake, akashuka mpaka kooni, akaviacha vidole hapo. Koo lilikuwa limetulia. Sauti ikaendelea kupanda nyuma ya jiko.

"Nilitaka uishi," mzee alisema. "Nikafikiri utabaki hapa uniimbie mimi peke yangu. Ulikuwa uroho, mwanangu. Sikujua nakufanya bubu."

"Mama, nyamaza. Nakuomba."

Mzee aligeukia jikoni, akasema kwa utulivu, kama anayezungumza na jirani. "Bibi mzuri, mimi nahama. Nyumba yako nimeichoka. Mrudishie mtoto kilicho chake."

Wimbo ukakatika katikati ya neno. Harufu ya pasi ikajaa chumba mpaka macho yakawasha, kile kiti ambacho hakikaliwi na mtu kikasogea nyuma chenyewe, nyayo zisizo na viatu zikapita sakafuni bila haraka, zikasimama mbele ya Donna Carmela, naye akainua uso kwa adabu kama mtu anayesalimiwa, na mkono uliokuwa kooni mwa Filomena ukapoa taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka ukaanguka.

Filomena alifungua mdomo kumwita, na sauti ikatoka. Ilitoka yote, kubwa kuliko ya Vienna, ikagonga dari, ikapenya madirisha. "Mama," alilia, na tena "Mama," na kila alivyozidi kulia ndivyo ilivyozidi kuwa nzuri.

Huko nje watu waliamka, wakafungua madirisha mmoja mmoja, wakasikiliza bila kukohoa mpaka pumzi ilipomwishia. Kisha wakapiga makofi. Mwanamke wa ghorofa ya mbele alijifuta machozi kwa aproni, akainama kwenye roshani yake.

"Tena, Donna Filomena," alisema. "Rudia hapo mwisho."