Waya wa Mzunguko Mmoja

Kila alasiri, akitoka shule, Sindano alipita polepole kando ya jengo alilokuwa akiishi rafiki yake. Mtaa mzima uliwaita Sindano na Uzi, maana alikopita mmoja na mwenzake alifuata. Sasa wapangaji walikuwa wamehama, jengo linabomolewa, na Uzi yuko mji mwingine. Nyumbani kwa Sindano hapakuwa na mtu mpaka mama arudi kutoka kazini jioni.

Jengo lilizungushiwa uzio wa muda wa paneli za wavu. Mzee mmoja, Fundi Uzio, aliziunganisha kwa waya, mizunguko miwili, kisha akakunja ncha zielekee ndani zisije zikachana nguo za wapita njia.

"Mjukuu wangu, leo pia umekuja bila uzi?" alimtania kila siku. Sindano alitabasamu kidogo, akaenda zake.

Ijumaa moja, wafanyakazi walipoondoka na Fundi akiwa upande wa nyuma, Sindano alifungua waya, akapenya, akapanda hadi chumba cha Uzi ghorofa ya pili. Alama za mkaa walizochora wakipimana urefu bado zilikuwepo. Ukuta wa upande wa barabara haukuwepo. Palikuwa na reli ya mabomba tu ya kuzuia mtu asianguke, na chini kifusi. Aliketi akazigusa zile alama. Aliposhuka aliufunga waya haraka haraka, mzunguko mmoja.

Jumatatu alimkuta Fundi ameketi langoni, mfuko wa vifaa miguuni. Muuza mboga alimweleza Sindano kwamba jana paneli ilifunguka, mtoto wa miaka minne akaingia, akakutwa juu ameshikilia ile reli. Hakuumia. Lakini msimamizi wa ubomoaji alisema Fundi amefunga ovyo, na leo ndiyo siku yake ya mwisho.

Hakuna aliyemwona Sindano Ijumaa ile. Angeweza kwenda nyumbani. Badala yake alimfuata msimamizi.

"Shikamoo. Waya ule niliufungua mimi Ijumaa, nikaone alama za urefu wetu chumbani kwa rafiki yangu."

Msimamizi alimgeukia Fundi, akamwuliza kama alijua.

"Nilijua si mkono wangu, ncha zilikuwa nje," Fundi alijibu. "Ila sikumwona mtu, nimtaje nani?"

Msimamizi alimrudisha Fundi kazini, akamwagiza Sindano aje na mama yake kesho. Fundi alivaa kofia ngumu, akapanda juu, akarudi na kamba yenye mafundo mawili.

"Hizi ndizo alama zenu," alisema. "Ungeniomba, ningekupimia. Umesema kweli, na nimeipata kazi yangu. Lakini njia uliyoifungua kwa ajili yako ilimngoja mtoto asiyejua hatari. Ukiona uzio, mjukuu wangu, jua kuna mtu analindwa, hata kama humwoni."

Jioni mama aliporudi, Sindano alimweleza yote. Kisha wakainyoosha kamba mlangoni kuanzia sakafuni. Fundo la Sindano lilikuwa limeachwa chini ya utosi wake kwa upana wa kidole. Kama Uzi naye amelipita lake, hawakujua.

"Tumwandikie," mama alisema, "naye ajipime."