Mkono wa Mughwai

Jioni ile nilikuwa nimetoka kununua mkate tu. Ulikuwa mwaka 2003. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya duka la Ladha, Singida mjini, nikirekodi kwaya kwa kinanda nilichokiunganisha kwa waya na kompyuta ya mtumba. Tangu asubuhi nilikuwa nimerekodi kwaya mbili. Mgongo uliuma, macho yaliwaka. Nilitaka kula, nilale.

Nikamkuta Mama Eliana amekaa mlangoni kwangu.

Alikuwa mjane wa Mughwai, mpiga gitaa kavu, lile lisilo la umeme, wa kwaya ya Unyambwa. Tulikuwa tumemzika Mughwai miezi minne kabla. Siku aliyougua aliamka mzima, akanywa uji, akaenda kwenye mashine yake ya kukamua alizeti. Jua halijazama akarudishwa kwa mkokoteni, vidole vya mikono yote miwili vimekakamaa, havikunjuki. Ulimi nao ukawa mzito. Siku ya tatu akafa. Hospitali hawakuona ugonjwa. Watu walinong'ona, kisha wakachoka kunong'ona.

"Mwalimu Chediel," Mama Eliana akasema, "nasikia unamalizia kanda ya kwaya. Gitaa la baba Eliana utalipiga kwa kinanda."

"Ndiyo, mama. Kesho."

"Leo. Nitakuelekeza. Nimeusikiliza mkono wake miaka kumi na minane."

Sikuwa na nguvu ya kukataa.

Nikawasha kompyuta, nikachagua sauti ya gitaa, nikapiga.

"Hicho ni kinanda," akasema.

Alisema kweli. Nilikuwa nabonyeza noti zote kwa mpigo mmoja, na mkono wa mpiga gitaa haufanyi hivyo. Unateremka uzi kwa uzi. Nikazitawanya, nene kwanza, nyembamba mwisho. Nikapunguza nyingine, maana gitaa lina nyuzi sita na mimi nina vidole kumi.

"Ile ya mwisho anaichelewesha kidogo... Hapo anateleza."

Nikasukuma kigurudumu cha pembeni ya kinanda, noti ikapanda kwa kuteleza. Tukarudia. Mara ya saba. Mara ya kumi. Adhana ya magharibi ikaisha, sisi bado. Mabega yalichoka mpaka nikaacha kufikiri, mikono ikawa inakwenda yenyewe.

Ndipo niliposikia kikwaruzo.

Kile kimlio chembamba cha vidole vinavyohama juu ya nyuzi za chuma. Kinanda changu hakikuwa na sauti hiyo.

Kisha harufu... mashudu ya alizeti, mabichi, yenye joto, kama mtu aliyetoka mashineni amekaa katikati yetu.

"Mama... unasikia harufu?"

"Usiache," akanong'ona. "Endelea."

Nikafika mwisho wa wimbo. Nikainua mikono.

Gitaa likaendelea.

Vitufe vya kinanda vilikuwa vimetulia. Lakini kwenye kioo cha kompyuta noti zilikuwa zinajiandika, moja baada ya nyingine. Hazikuwa za wimbo wetu. Noti tano nzito, zikishuka. Kimya. Tano tena. Kimya. Tano tena.

Mama Eliana alijiziba mdomo kwa khanga.

"Mama, hii ni nini?"

"Aliipiga nyumbani tu," akasema taratibu. "Tukiwa tumekaa, akimwona Urbano anakuja, alinipigia hiyo ili nifunike chungu asije akatumalizia chakula. Ulikuwa mzaha wetu wawili." Akashusha khanga. "Siku ile ya tatu nilimuuliza, nani kakufanyia hivi? Hakuweza kusema."

Urbano alikuwa mdogo wake Mughwai. Ndiye aliyebaki na mashine. Na ukoo ulikuwa umeshapanga: Jumapili inayofuata amrithi mjane.

Mama Eliana akasimama. "Asante, mwalimu. Nimejibiwa."

Alitoka bila kuaga. Alfajiri alipanda basi la Nduguti na watoto wake wote, akaenda kwao. Hajarudi.

Mimi nilibaki na kanda. Sikuwaambia kwaya chochote; nilikata zile noti tano mwishoni, nikawakabidhi wimbo wao. Rekodi nzima, pamoja na noti hizo, niliiacha kwenye kompyuta. Sijui kwa nini. Labda nilichoka tu.

Baada ya wiki mbili, saa ya kuwasha taa, Urbano akaja. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Shikamoo, kaka," nikamwamkia.

"Marahaba. Kuna noti tano kwenye kompyuta yako. Zifute."

"Nani kakuambia?"

"Nazisikia, tangu jioni ile mjane alipokuja kwako kurekodi. Kila jioni nikikaa kula, zinapigwa pale uani. Majirani hawasikii. Na redio sina."

"Kaka, ulimfanya nini Mughwai?"

Alinyoosha kidole kwenye kompyuta.

"Futa, Chediel. Nakuomba."

Sikuwa na ubavu wa kumfukuza, wala wa kumwonea huruma. Nikawasha kompyuta. Nikaitafuta rekodi, nikaifuta mbele ya macho yake. Nikazima mashine. Nikachomoa na waya ukutani.

Chumba kikawa kimya kabisa.

Urbano aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Bado," akasema.