Mkwe Hatazamwi Usoni

"Nyuki, hapa Mzinga. Brandt atafika ghalani saa tisa kamili. Akifika, mumeo ni maiti. Una dakika arobaini. Ova."

Redio ya Motorola ikanyamaza.

Tusekile alikuwa amelala kifudifudi juu ya pikipiki ya Honda XL, mvua ya Rungwe inampiga usoni, na Nissan Patrol nyeusi ilikuwa nyuma yake tangu Kinyala. Risasi ya kwanza ilipita karibu na sikio. Ya pili ikaingia kwenye mkoba wa mgongoni.

Laptopu!

Toshiba ya Idara ya Usalama ilikufa pale pale. Tusiikufuru, maana iliokoa uti wa mgongo wa mtu. Lakini sasa ile disketi mfukoni angeisomea wapi?

Disketi yenyewe aliiiba asubuhi ofisini kwa Brandt, mzungu aliyeingia na soko huria akijiita mnunuzi wa ndizi. Mnunuzi gani! Chini ya mikungu alikuwa akivusha bunduki kwenda mpakani Kasumulu. Nsajigwa, dereva wa lori na mume wa Tusekile, ndiye aliyeitonya Idara. Jana wakamkamata. Brandt alikuwa na maghala saba, kikosi kilikuwa na gari moja. Ndani ya disketi ilikuwemo programu ya Windows inayoonyesha kila ghala na mzigo uliomo. Na Nsajigwa sasa alikuwa mzigo.

Alipofika Makandana alikata kona nyuma ya maduka, akapita uchochoro ambao hata mbuzi angeufikiria mara mbili. Patrol ikanasa kwenye tope.

"Mzinga, laptopu imekufa. Nipe kompyuta nyingine."

"Nyuki, mjini kumefungwa, watu wako msibani. Ipo moja Ibighi, chama cha wakulima wa ndizi. Ila haina Windows. Ni Linux."

"Nani anaitunza?"

Redio ilikwaruza.

"Hasheem, nani anaitunza?" Sasa alimwita Mzinga kwa jina lake halisi.

"Baba mkwe wako, dada yangu."

Lahaula! Afadhali wangemwambia ni chui.

Mwanamke huyu alikuwa ameshika bunduki mbele ya majambazi bila kurudi nyuma. Lakini kwa Wanyakyusa wa rika la Mzee Lukasi, mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Hakai naye chumba kimoja, hamsemeshi. Akimwona njiani hujitosa migombani mpaka mzee apite. Miaka sita ya ndoa Tusekile alimjua kwa kikohozi tu, na aliishika heshima hiyo kwa moyo, maana mzee yule ndiye aliyemlea Nsajigwa peke yake.

Alisimamisha pikipiki nyuma ya ofisi. Akauambia ukuta:

"Hodi. Aliyemo ndani aambiwe Nsajigwa amekamatwa. Watamuua saa tisa. Naihitaji kompyuta."

Kikohozi.

"Aliyeko nje aambiwe," sauti ilisema, "mimi siwezi kutoka. Kiharusi kimechukua miguu. Anayenisukuma yuko msibani."

Nani angemwambia nani? Hapakuwa na mtu wa tatu. Mvua iligonga bati, na Tusekile aliona dakika zinammwagika mkononi.

"Hapa nina koti langu kubwa," mzee akasema. "Najifunika gubigubi. Uso nauelekeza ukutani. Humu hakuna mtu. Ingieni."

Akaingia macho chini. Pembeni palikuwa na kiti cha magurudumu na koti la mvua lililokuwa likipumua. Mezani palikuwa na kompyuta na CD mbili alizoacha mfanyakazi wa kujitolea.

Mzee alikuwa fundi wa simu enzi zake, mashine haikumtisha. "Panatakiwa Wine," koti lilisema. "Ndiyo inayoifanya Linux iendeshe programu za Windows. Mchungaji alipoliona hilo jina la divai alinihoji nusu saa. Imo CD ya kwanza."

Tusekile akaandika amri. Mashine ikagoma.

"Inadai kifurushi kingine kwanza," aliiambia kibodi.

"CD ya pili."

Akakiweka. Nacho kikadai kingine. Mambo ya ukoo haya, humpati binti mpaka umwone mjomba, na mjomba hasemi mpaka aitwe babu. Haraka haraka haina baraka, wanasema. Waliosema hawakuwa na mume ghalani kwa Brandt.

"Hicho kipo CD ya tatu," koti likasema, kisha likasita. "Iko shambani."

"Shambani!"

"Niliona haina kazi. Nikawapa waitundike kwenye mahindi, inafukuza ndege."

Tusekile alitaka kulia. Akakimbia.

Katikati ya mahindi zilining'inia CD kumi na moja, za kwaya na za mahubiri, zote zinazunguka kwenye mvua. Alishika moja, siyo. Ya pili, siyo. Akajisikia akiomba kwa sauti kama mtoto.

"Yenye picha ya kofia nyekundu!" mzee alipaza sauti toka ndani. "Kofia nyekundu!"

Akaukata uzi wake kwa meno. Akarudi, akaifuta kwa khanga. CD ilikuwa na mikwaruzo kama mgongo wa punda. Mashine ikaimeza, ikakoroma, ikanyamaza.

"Mungu si Athumani," mzee alinong'ona.

Ikakoroma tena. Asilimia kumi. Arobaini. Mia.

Kifurushi kikaingia. Aliyekidai akaridhika, na Wine ikaketi. Tusekile akachomeka disketi, akaandika amri ya mwisho. Dirisha la Windows likaanza kujichora polepole kwenye mashine isiyokuwa na Windows.

Mlango ukapigwa teke.

Alikuwa mtu wa Patrol, matope mpaka magotini, bastola mkononi. Tusekile alikuwa tayari amemwelekezea bastola yake ya Browning. Alikuwa amemuwahi! Kubana kidole tu.

"Na huyu nani?" jamaa alifoka, akalivuta koti.

Uso wa Mzee Lukasi ukawa wazi.

Na Tusekile, jasusi namba moja wa kanda, akainamisha macho.

Si kwamba aliamua. Shingo ilijiinamia yenyewe, kama ilivyofundwa tangu usichana. Jamaa akacheka, akanyanyua bastola.

Lakini aliyeinamisha macho huona sakafu. Na sakafuni palikuwa na buti mbili za matope.

Paa!

Jamaa alianguka akipiga ukelele, bastola ikateleza mbali. Tusekile akamfunga pingu bila kuinua uso. Kisha akakitazama kioo.

"Mzinga! Ghala la nne! Kiwanda cha matofali, darajani Kiwira! Nendeni!"

"Tumekusoma, Nyuki."

Dakika kumi na mbili zilikuwa zimebaki. Alisimama akivitazama vidole vyake vya miguu. Nyuma yake baba alipumua kwa shida. Wote wawili walikuwa wakimwogopea mtu mmoja, na hakuna aliyeweza kumshika mwenzake mkono.

Redio ikakwaruza.

"Nyuki, mumeo mzima! Mkono umevunjika, ila anauliza umekula. Tumekuta masanduku thelathini na mawili ya bunduki. Brandt kaingia getini mwenyewe, tukampokea. Ova."

Mzee alilia kwa sauti, waziwazi, uso ukiwa mtupu. Koti lilikuwa sakafuni, naye hakuweza kuinama.

Tusekile akaliokota. Akatembea kinyumenyume, akapapasa, akamfunika taratibu kuanzia mabegani mpaka kichwani. Mikono yake iligusa mvi za mzee.

"Mwanangu," mzee akasema, na hakuuambia ukuta. "Mimi ni mtu mzima. Macho yamekwisha. Leo sikuona kitu."

"Nami sikuona mtu, baba."

"Ndaga fijo," mzee alimshukuru kwa Kinyakyusa.

Tusekile alifuta machozi kwa khanga iliyofuta CD. Akamkokota jamaa mpaka kibarazani, akamfunga kwenye nguzo awasubiri polisi, akachomeka Browning kiunoni. Akaipiga Honda teke, akashika njia ya Kiwira kwenye mvua, bila kugeuka nyuma.