Mwenye Paka

Paka yule aliingia kwa Mutindi mwezi wa tisa, na nyayo zake zilikuwa zimelowa maji.

Mutindi alikuwa barazani, ameinamia cherehani akipiga pindo la sketi za shule, alipoona alama za miguu midogo zimepita kando ya kiti chake, zikavuka kizingiti na kuingia ndani. Zilikuwa mbichi kabisa. Akazitazama zikikauka moja baada ya nyingine kwa joto la adhuhuri. Kwa miezi minne tone la mvua halikuwa limeanguka Kasikeu. Mto wa chini ya shamba ulikuwa mchanga mtupu, na yeye mwenyewe alikuwa ameamka alfajiri kwenda kupanga foleni ya maji na mitungi yake. Sasa ni mnyama gani aliyepata maji ya kukanyaga?

Akainuka, akafuata zile alama. Binti yake Kanyiva alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, akichungulia chini ya kitanda. Huko ndani palikuwa na paka mweupe, msafi kama shuka mpya, wakati hata mbuzi wa kijiji kizima walikuwa wekundu kwa vumbi. Shingoni alikuwa na kamba nyembamba nyeusi iliyosukwa, na fundo lake Mutindi hakulijua, yeye aliyeshika uzi na sindano tangu usichana wake.

“Huyo ako na mwenyewe,” alisema Kaluki, mama mkwe wake, akiwa amesimama mlangoni na ungo wa pojo mkononi. “Paka wa kuzurura hafungwi kamba. Mtoe aende kwao.”

“Ndiyo, mwaitu,” Mutindi akaitikia, kwa maana ndivyo alivyomwita, mama, kwa heshima ya Kikamba. Akamshika paka chini ya kwapa. Alikuwa baridi kama kitu kilichotoka kisimani.

“Mama, usimtoe.”

Ungo ukamponyoka Kaluki, pojo zikamwagika sakafu nzima. Mutindi akageuka polepole, akiogopa kwamba akigeuka haraka kile alichosikia kitakimbia.

Kanyiva alikuwa na miaka minane, na kwa miaka miwili hakuwa ametamka neno. Siku aliyonyamaza alikuwa amempelekea baba yake chakula kule mtoni, Musyimi na wenzake wakijaza lori mchanga. Ukuta wa shimo ukaporomoka mtoto akiangalia. Aliita baba, akaita, akaita, watu wakichimbua kwa majembe na kwa mikono, hadi sauti ikakatika. Walipomtoa Musyimi jioni, hakuwa hai. Na sauti ya mtoto haikurudi nyumbani.

“Umesema nini, mwanangu?” Mutindi alinong'ona.

“Nimesema usimtoe. Atalala na mimi.”

Mutindi akapiga magoti kwenye pojo, akamkumbatia mtoto na paka pamoja, akalia kwa sauti ambayo majirani walidhani ni msiba mwingine.

Jumapili hiyo Kanyiva alisimama mbele ya kanisa akasoma mstari mzima. Kina mama wakapiga vigelegele, Pasta Mwau akafuta macho kwa leso. Lakini walipokuwa wakirudi nyumbani Kaluki alisema, “Sasa tuulize ni paka ya nani. Mtu akija kuidai, itakuwaje kwa huyu mtoto?”

“Nitauliza,” Mutindi alisema.

Hakuuliza. Alikaa jikoni akifikiria mtu akibisha, akiichukua furaha ile na kuondoka nayo. Akachukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, akamkamata paka, akaikata ile kamba. Paka hakujitetea. Alimtazama tu. Mutindi akaitupa kamba ndani ya jiko la makaa, na badala ya harufu ya kitu kinachoungua, jiko zima likanuka mchanga uliolowa, kama harufu ya mtoni siku mafuriko yanapokuja. Makaa yakazimika yote.

Kesho yake, saa sita mchana, mtu akabisha langoni.

“Hodi.”

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, kama ya mgeni aliyetoka mbali. “Hodi wenyewe. Nimekuja kuchukua changu.”

Mutindi akasimama, uzi ungali mdomoni. Lango lilikuwa la matawi ya miiba, mtu aliyesimama nyuma yake angeonekana wazi. Hapakuwa na mtu. Kuku walikuwa wamenyamaza, wamejibanza chini ya ghala pamoja na vifaranga wao. Akaenda polepole hadi langoni, na pale penye njia akakuta rundo dogo la mchanga mbichi, unaotiririka maji.

“Umesikia mtu akibisha?” akamuuliza Kaluki.

“Nimesikia.” Kaluki hakumtazama. “Na wewe umesikia alichosema.”

Siku ya pili sauti ilibishia uani. Siku ya tatu ilibishia barazani, karibu na cherehani, na gurudumu la cherehani likajizungusha mara moja na kusimama. Kila siku ilikuwa saa sita, jua likiwa utosini, saa ambayo hata kivuli cha mtu hujificha chini ya miguu yake. Na kila siku palibaki mchanga uliolowa.

Kanyiva naye alikuwa akiongea bila kuchoka. Lakini alianza kukataa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, akakataa uji, akawa anataka maziwa tu, tena maziwa ya baridi. Mashavu yakabonyea. Mikono yake ikawa na ule ubaridi wa paka. Mutindi alimpeleka zahanati, wakampima damu, wakasema hawaoni kitu. Pasta Mwau akaja na wazee wawili wa kanisa, wakaomba kuanzia asubuhi hadi wakalowa jasho. Walipomaliza, pasta alimwita Mutindi kando.

“Mama Kanyiva, nikuulize bila kuficha. Tunapoomba hiki kitu kiondoke, wewe unaomba hivyo hivyo?”

Mutindi akatupia jicho chumbani, alikokuwa paka.

“Mimi naomba kitoke,” pasta akasema taratibu, “na wewe umekishika miguu.”

Alikuwa amesema kweli. Kwa maana Mutindi alikuwa akiamka kila siku kwa hofu, lakini mtoto akisema tu “Mama, umeamkaje?” hofu yote ilishuka kama maji, akajiambia ngoja kidogo, leo moja tu, huenda hata mwenye paka atachoka.

Kisha ikaja Alhamisi. Mutindi alimpa Kanyiva kikombe cha maziwa, na mtoto akakiinua akaanza kunywa, mafunda makubwa, koo likipanda na kushuka, huku akimsimulia mama yake habari za rafiki anayemsuka nywele mtoni, mwanamke mrefu mwenye mikono laini ambaye anasema nyumba yake ina vyumba vingi chini kwa chini na kwamba baba yuko katika kimoja. Na Mutindi alikuwa akiitikia, ehe, ehe, akikata vifungo vya shati kuukuu, kabla hajatambua kwamba mtoto bado anakunywa, kwamba midomo yake imebana ukingo wa kikombe na maziwa yanapita kooni bila kukoma, na sauti ya Kanyiva, ile ile sauti tamu aliyoililia miaka miwili, inaendelea kusimulia bila kupumzika kutoka chini ya kitanda.

Akainama. Chini ya kitanda paka alikuwa amekaa wima, anamtazama, na mdomo wake ulikuwa ukienda.

“Mama,” paka akasema kwa sauti ya mwanawe, “mbona umenyamaza?”

Mutindi hakukumbuka alivyofika sokoni. Alijikuta katika duka la vitambaa la Ambiyo, Mama Hersi kama wengi walivyomwita, mwanamke wa familia iliyohamia Kasikeu kutoka Garissa. Mutindi alinunua kwake vitambaa vya sare, na wote sokoni walijua kwamba mtu akishikwa na majini, Ambiyo ndiye anayemsomea. Ambiyo alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akafunga nusu ya mlango wa duka.

“Kamba ulikata wewe? Kwa mkono wako?”

“Mimi.”

“Subhanallah. Mama Kanyiva, ile kamba ndiyo ilimshika kwa mwenyewe. Umekata, sasa amejifunga kwa mtoto. Anakula mtoto.”

“Na sauti, Mama Hersi? Ile sauti ni ya Kanyiva, naijua. Mimi ndiye niliyemzaa.”

“Wallahi, huenda ni yake. Aliiacha kule mtoni siku baba yake alipokufa, majini wakaiokota. Miaka miwili iko kwao. Wanaona ni mali yao.” Ambiyo akamshika mkono. “Sikiliza. Utasuka kamba nyingine, wewe mwenyewe. Utampeleka paka pale alipotoka, saa sita, utamfunga shingoni, useme, mwenye mali chukua mali yako. Mimi nitakuwa nyuma yako nasoma. Lakini kufunga, ni wewe. Na ukifunga, ile sauti inaenda naye.”

“Mtoto abaki na ile sauti, wamwachie, wachukue kitu kingine. Wachukue macho yangu.”

“Hawakuuliza macho yako.”

Walipatana kwenda kesho yake, Ijumaa. Lakini Ijumaa asubuhi Kanyiva alimwita mama yake kitandani akamwimbia wimbo wa kanisani, na ingawa Mutindi alijua sasa wimbo unatoka wapi, ingawa aliona midomo ya mtoto imefungwa na macho yake makubwa yanamwangalia kama mtu aliyezama anavyoangalia juu ya maji, alikaa pale, akasikiliza ubeti wa kwanza, akasikiliza wa pili. Alimtuma Kaluki amwambie Ambiyo kwamba watakwenda Jumamosi. Siku moja tu, alijiambia. Nimeomba siku moja.

Saa sita ilipofika hakuna aliyebisha hodi.

Ukimya ule ndio uliomtoa nje. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limelowa, na nyayo mbili mbili zilitoka mlangoni kuelekea shambani: ndogo za mtoto, na kando yake nyingine ndefu, nyembamba, zinazovuja maji. Mutindi akaona kule chini, katikati ya mabua makavu ya mahindi, Kanyiva akitembea kuelekea mtoni na mkono mmoja ameuinua, kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mrefu.

Paka alikuwa barazani, ameketi juu ya cherehani, anangoja.

Mutindi akamnyakua, akanyakua na donge la uzi mweusi, akakimbia. Alikimbia akisuka, nyuzi tatu kati ya vidole, miiba ikimchana sketi na ngozi, paka amebanwa kwapani akimwita Mama, Mama, unanipeleka wapi. Nyuma alisikia Kaluki akipiga yowe la kumwita Ambiyo, ambaye hakukubali kungoja Jumamosi na alikuwa tayari njiani, na mbele yake mtoto alikuwa ameshafika kwenye mchanga, anauelekea ule ukingo ulioporomoka, na kila alipokanyaga mchanga mkavu ulilainika, ukamshika kifundo cha mguu, ukamshika goti. Alipomfikia alikuwa amezama hadi kiunoni. Mutindi akajitupa kando yake, akamshika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili na meno yake akaizungusha kamba shingoni mwa paka.

“Mama, usifunge,” sauti ya Kanyiva ikalia. “Mama, ukifunga sitaongea tena. Hutanisikia tena. Mama, sikupendezi nikiongea? Mama, nitakuwa mzuri.”

Mutindi alilia hadi hakuona fundo. Na hapo ndipo alipohisi vidole vya mtoto, vya mtoto wake mwenyewe, aliyefunga midomo akiwa amezama kwenye mchanga, vikishika kitambaa cha nguo yake na kukivuta kwa nguvu zote zilizobaki. Vikavuta tena.

Akafunga.

“Mwenye mali,” akasema, na sauti yake haikusikika vizuri hata kwake, “chukua mali yako.”

Ambiyo alikuwa amefika ukingoni, kanga imemwanguka, anasoma kwa sauti kubwa isiyo na pumzi. Nyayo zikatokea kwenye mchanga mbele ya Mutindi, moja, halafu nyingine, maji yakichemka ndani yake. Zikasimama karibu kiasi kwamba alihisi ubaridi usoni. Paka akainuka kutoka mikononi mwake, akakaa hewani kama aliyepakatwa, akafumba macho. Kisha nyayo zikageuka, zikaenda zikipanda mto, na zilipofika kwenye jiwe kubwa hazikuonekana tena.

Mchanga ukakauka ghafla. Iliwachukua wanawake watatu muda mrefu kumfukua mtoto kwa mikono.

Wiki ile Kanyiva alikula muthokoi bakuli mbili kwa mkupuo. Mashavu yakarudi, mikono ikapata joto. Hakusema neno. Kanisani watu waliuliza kulikoni, Pasta Mwau akawaambia wamwache mtoto apumzike. Kaluki hakumlaumu mkwewe hata mara moja. Jioni alikaa naye, wakichambua pojo.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa kumi na moja, mchana. Mutindi alivuta cherehani ndani, na Kanyiva akaketi miguuni pake akipanga vifungo kwa rangi. Mto ulisikika ukishuka, ule mngurumo wa maji ya kwanza. Na juu ya mngurumo huo, kutoka kwenye njia ya shambani, ikaja sauti.

“Mama! Mama, nanyeshewa. Niitikie niingie.”

Ilikuwa sauti ya Kanyiva, safi, yenye baridi, karibu na mlango. Moyo wa Mutindi ukaruka kabla hajaukataza. Mdomo ukafunguka wenyewe, na pumzi ya kuitikia ikapanda hadi kwenye ulimi.

Mkono mdogo wenye joto ukamfunika mdomo. Kanyiva alikuwa amesimama, vifungo vimetawanyika sakafuni, anatazama mlango. Akatikisa kichwa. Na kwa muda wote ambao sauti yake iliita kule nje kwenye mvua, hakuuondoa mkono.