Mikwaruzo ya Upande wa Ndani

Watu wananiuliza kwa nini siku hizi siondoi mikwaruzo kwenye vioo vya simu. Betri nabadilisha, spika nasafisha, tundu la chaji natengeneza. Mikwaruzo, hapana. Nimechoka kujibu, kwa hiyo nitaeleza mara moja, kisha mniache nipumzike.

Jioni ile nilikuwa nafunga kibanda. Mgongo uliniuma na macho yaliniwasha kwa kukodolea skrubu ndogo kutwa nzima. Jua lilikuwa limezama, taa za barabarani bado hazijawaka. Nikamwona mama mshonaji akivuka kutoka dukani kwake ng'ambo, ameshika simu kwa leso kama mtu aliyebeba sufuria ya moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Najua umechoka. Nisugulie hiki kioo tu."

Simu niliijua. Ilikuwa ya binti yake, yule mwenye mdomo, ambaye akicheka unamsikia mtaa wa pili. Alikuwa amepata kazi mji wa mbali na mizigo ameshafunga. Ghafla akaanguka. Tangu siku hiyo alikuwa amelala tu, macho wazi, hasemi neno. Hospitali walimpima wee, hawakuona kitu.

"Anaendeleaje?"

"Vilevile."

Kioo kilijaa mikwaruzo myembamba. Mimi huwa napitisha ukucha kwanza. Ukikwama, mkwaruzo ni wa kina na dawa yake ni kubadili kioo. Ukiteleza, mkwaruzo ni mwepesi, unaondoka kwa kusugua. Ukucha wangu uliteleza bila kuhisi chochote. Nikaona ni kazi ndogo, nitawahi nyumbani.

Nikazima simu, nikaziba matundu kwa karatasi ya gundi, nikatia dawa ya kung'arishia kidogo kwenye kitambaa laini. Nikaanza kuzungusha taratibu.

Krr.

Nikasimamisha mkono. Mama mshonaji alikuwa anatazama sakafu.

Nikafuta dawa. Mikwaruzo ilikuwa palepale, na mmoja mpya ulikuwa bado unarefuka.

Krr... krr...

Ikaja harufu. Mafuta ya nywele, na jasho la mtu aliyefungiwa chumba kisicho na dirisha. Nilitamani kuitupa ile simu, lakini mikono ilikuwa mizito.

"Mama," nikanong'ona, "hii mikwaruzo iko upande wa ndani."

"Najua."

Akanieleza kwa sauti ya chini. Alikwenda kwa mganga kuomba dawa ya kumzuia binti asisafiri. Mganga akataka picha yake. Mama hakuwa na picha ya karatasi, akampa simu yenyewe, sura ya binti ikiwa kwenye kioo. Mganga akaifukiza moshi, akasema, nimemshika. Mama aliporudi nyumbani alimkuta binti chini, amelala kando ya mizigo yake.

"Nilitaka abaki tu," akasema. "Sasa mganga anasema, huyu anayekwaruza akinyamaza, aliyelala ataamka. Nisaidie, mwanangu. Mtoto hali, hanywi."

Ningeweza kukataa. Nilimwonea huruma, na nilimfikiria yule binti kitandani. Nikasugua. Kila nilipozungusha kitambaa, ile sauti ilipungua. Mwishoni kitu kiligonga kioo kutoka ndani, mara moja, bila nguvu.

Kimya.

Kioo kikawa safi kabisa.

Asubuhi binti akaamka. Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema. Mtaa mzima ulikwenda kumwona amekaa kando ya cherehani, anakata nyuzi. Ndiyo, mama. Sawa, mama. Habari ya safari hakuitaja. Majirani wakasema ugonjwa umemfundisha adabu.

Siku chache baadaye, giza likianza kuingia, alikuja kibandani peke yake na ile simu mkononi.

"Dada fundi, hii simu hainisikii."

Nikadhani nimekiharibu kioo kwa kusugua. Nikagusa mimi, ikafanya kazi. Akagusa yeye, ikatulia. Nikampangusa kidole kwa kitambaa, akajaribu tena. Ikatulia. Tukajaribu vidole vyake vyote.

Vioo vya simu hizi vinahisi ngozi ya mtu aliye hai. Ukigusa kwa kijiti au kwa kipande cha plastiki, havishtuki. Nimegusisha vidole vya kila aina kwenye kazi hii, vya wazee, vya wapaka rangi, vya watoto wachanga. Sijawahi kuona kidole kilichokataliwa kabisa. Chake kilikuwa laini, na baridi.

Krr...

Ilikuwa chini ya kidole changu. Dhaifu sana. Nikakisogeza kidole, na joto dogo likakifuata huku na huku, upande wa pili wa kioo.

"Ameanza tena," binti akanong'ona. "Msugue."

Nikaogopa. Hata hivyo nikachukua bisibisi bapa nikibandue kile kioo. Sikujua ningemtoa au ningemmaliza, lakini aliye hai alikuwa humo, na nilikuwa nimemnyamazisha mimi. Kabla sijaingiza ncha, vidole vikanishika kifundo cha mkono. Mama mshonaji alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi.

"Mama, huyu siye."

"Najua, mwanangu."

"Binti yako yuko humu. Anakwaruza, msikie."

Akasikiliza. Nina hakika alisikia, kwa sababu uso wake ulikunjamana na machozi yakamtoka. Kisha akamtazama yule aliyesimama kando yangu, amekunja mikono, anasubiri kuambiwa.

"Yule alikuwa ananiacha," akasema. "Huyu anakaa."

Akaitoa simu mkononi mwangu, akachukua kitambaa na kichupa cha dawa. Wakavuka barabara wote wawili, na mimi sikuwafuata.

Siku hizi nikifunga kibanda huwa naona taa yao. Mama anashona. Binti yuko sakafuni, simu mapajani, anasugua. Hachoki. Na kioo kila kikisuguliwa hupungua, kidogo kidogo, fundi yeyote atakwambia. Hicho sijui kimebaki unene gani.