Sechelela na Njia ya Upepo

Sogeeni karibu. Wewe wa nyuma, njoo mbele, mkeka una nafasi. Mmekaa? Haya, tegeni masikio, maana hadithi hii ina upepo ndani yake.

Palikuwa na msichana wa miaka sita, jina lake Sechelela. Alikaa Ugogoni, nchi ya jua kali na mashamba ya uwele.

Sechelela alikuwa na mdogo wake, Ndahani. Ndahani alikuwa na miezi minne na mashavu manono. Jino hata moja hana!

Nyumba yao ilikuwa ya mabati. Mabati juu, mabati pembeni. Jua likipanda, mabati yalilia: Ta! Ta! Ta!

Ndani kulikuwa na joto. Joto, jamani! Ndahani akatoka vipele shingoni. Kila mchana alilia: Ngaa! Ngaa!

"Mwanangu hajalala mchana hata siku moja," alisema Mama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kuchoka.

Sechelela alimwonea Mama huruma. Akachukua mfuniko wa sufuria, akampepea mdogo wake, akaimba polepole:

*Upepo, upepo, unapita wapi?*
*Pita kwetu, mtoto alale.*

Lakini upepo haukupita. Ungepita wapi? Nyumba ile ilikuwa na kidirisha kimoja tu, kidogo kama sahani.

Siku moja Baba akasema, "Tunajenga nyumba mpya!"

Sechelela akaruka juu. Ndahani atalala! Mama naye atalala!

Akaja Fundi Malogo na mashine ya kufyatulia matofali. Wakachimba udongo wa pale pale. Wakachanganya na saruji kidogo tu. Wakavuta mpini. Gwa! Fyatu! Tofali likatoka.

Gwa! Fyatu! Gwa! Fyatu!

Jirani mmoja akasimama kutazama. "Mtayachoma lini?" akauliza. "Ukateni ule mkwaju wenu pale, mpate kuni."

Sechelela akashtuka. Mkwaju! Kivuli chake je? Na ukwaju wake mtamu, mchachu?

"Haya hayachomwi, ndugu yangu," akasema Fundi Malogo. "Yanakaa kivulini, yanakunywa maji, yanakuwa magumu yenyewe. Mkwaju hatuugusi."

Basi Sechelela akapewa kazi ya kuyanywesha matofali. Asubuhi, chwaa! Jioni, chwaa! "Kunyweni, kunyweni," aliyaambia. "Ndahani anawasubiri."

Ukuta ukapanda. Ulikuwa mnene. Sechelela akaweka shavu lake ukutani. Aaah! Baridi!

Ukuta ukafika kiunoni mwa Baba. Hapo ndipo madirisha huanza.

Baba akasimama, mikono kiunoni. "Madirisha yote mawili yatazame barabarani!" akasema. "Makubwa! Watu wakipita waseme, lo, nyumba ya nani hii?"

Baba huyo! Mtu mzuri sana, lakini kwa kupenda sifa, mwacheni.

Sechelela akatazama barabarani. Kule ndiko jua linakozama. Kila alasiri jua lilipiga kule, kali kweli kweli.

"Baba, huku hakuna upepo," akasema.

"Upepo uko kila mahali, mama," akajibu Baba. "Nenda kacheze."

Moyo wa Sechelela ukamwuma. Kesho asubuhi Fundi atajenga. Na dirisha likishajengwa, halihami.

Akaokota vumbi, mikono miwili. Nitalirusha, akawaza, nione upepo unaenda wapi.

Puuu!

Lo! Vumbi likaingia machoni mwa Baba. Likaingia kwenye uji wa Fundi Malogo. Upepo wenyewe haukuonekana.

"Sechelelaaa!"

Sechelela akatimua mbio hadi nyumba ya pili, kwa Bibi.

Bibi alikuwa anapepeta uwele. Akageuka huku. Akageuka kule. Kisha akasimama, akatulia.

"Bibi, mbona unageuka geuka?"

"Natafuta upepo, mjukuu wangu," akasema Bibi. "Usipojua unakopita, makapi yote utakula wewe."

Akainua ungo juu, akamimina. Sha-sha-sha, uwele ukaanguka chini. Fuuu, makapi yakaruka. Mepesi! Yakaenda zake na upepo.

Sechelela akayatazama yanavyokwenda. Macho yakamng'aa.

"Bibi, nipe makapi."

"Makapi! Hata kuku hawayataki. Ya nini?"

"Ya nyumba yetu."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini akampa. Bakuli zima.

Asubuhi, Fundi Malogo alikuwa ameshika mwiko tayari.

"Fundi, subiri kidogo!" akaita Sechelela. "Baba, tazama!"

Baba akaziba macho upesi. "Vumbi tena?"

"Si vumbi, Baba. Ni makapi."

Sechelela akasimama katikati ya nyumba, pale kitanda kitakapokaa. Akainua bakuli juu kabisa. Akaimba:

*Upepo, upepo, unapita wapi?*
*Pita kwetu, mtoto alale.*

Akamimina.

Fuuu! Upepo ukatoka upande wa shamba. Ukayabeba makapi juu ya ukuta, ukayapeleka upande wa mkwaju. Barabarani halikwenda hata moja.

Akamimina tena. Fuuu! Njia ile ile.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema Fundi Malogo.

Baba akakuna kichwa. Akatazama barabara yake. "Lakini watu wakipita..."

"Baba," akasema Sechelela, "nani atalala humu? Watu wa barabarani, au Ndahani?"

Mara, kule kwenye nyumba ya mabati: Ta! Ta! Ngaa! Ngaa!

Baba akageukia kule. Akaisikiliza sauti ya mtoto wake. Kisha akamnyanyua Sechelela, akampakata kifuani.

"Fundi," akasema, "dirisha moja litazame shamba. La pili litazame mkwaju."

"Na barabarani?"

"Barabarani mlango unatosha."

Nyumba ikaisha. Kuta zilikuwa nene, za udongo. Chini ya bati la paa wakatandika dari ya matete, ili joto lisishuke. Na mkwaju ukabaki pale pale, na ukwaju wake tele.

Wakahamia mchana, jua la utosi.

Mama akamlaza Ndahani kitandani. Ndahani akafungua mdomo, mkubwa! Wote wakabana pumzi. Je, atalia?

Fuuu.

Upepo ukaingia dirisha la shamba. Ukainua pazia. Ukapita juu ya vipele vya Ndahani, ukatokea dirisha la mkwaju.

Ndahani akapiga mwayo. Akafumba jicho moja. Akafumba la pili.

"Amelala!" Mama akanong'ona. Chozi likamdondoka. "Ngoja na mimi nijinyooshe, kidogo tu."

Kidogo gani! Mama akalala fofofo, mkono wake juu ya mtoto.

Mara sauti ikatoka barabarani. "Hodi! Baba Sechelela! Nyumba nzuri hiyo! Mbona madirisha hayaonekani?"

Zamani Baba angetoka, angejisifu hadi jioni. Leo alitoka akinyata.

"Shhh," akanong'ona, kidole mdomoni. "Wangu wamelala."

Akarudi ndani polepole. Akaketi mkekani karibu na Sechelela.

"Sechelela wangu," akasema, "hii njia ya upepo umeiona wewe."

Sechelela akaegemea bega la Baba. Upepo ukamgusa shingoni. Naye akaimba, sauti ndogo, ndogo sana:

*Upepo, upepo, unapita wapi?*
*Unapita kwetu, mtoto kalala.*

Hadithi yangu imefika kitandani. Na nyie je, mbona macho mazito? Haya, lalieni ubavu. Dirisha liko wazi, upepo uko njiani.